Neno Lililopita Juu ya Harusi ya Titye

Kitanga, Kasulu
Agosti 2014

Mwana wanje Generoza,

Umekwenda Kasulu kuchukua tiketi ya basi la kesho, na nyumba imeanza mapema kujizoeza kukaa bila wewe. Meza yako umeifuta. Waya wa sola unaning'inia juu yake, hauchaji kitu.

Sikuandikii habari za blanketi, wala maji ya kuchemsha, wala matapeli wa stendi. Hayo marehemu mama yako angeyasema vizuri kuliko mimi, na wewe unayajua. Nakuandikia kwa sababu leo mchana, mara tu baada ya wewe kuondoka, alikuja Mama Bukuru kutoka Titye.

Ndiyo, yule yule, mama wa bwana harusi. Hakuwa amekanyaga uwanja wetu tangu siku ile tulipowasha deki ya video kwao. Alishuka kwenye bodaboda, akakaa kwenye benchi, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Mwalimu, karatasi zetu zimetoka," akasema.

"Mungu ashukuriwe."

"Sasa sisi ni Watanzania wa kuandikwa, si wa kudhaniwa. Ile harusi ya Bukuru bado mnayo?"

"Anayo Generoza."

"Pamoja na lile neno lako?"

Nikamwambia kwamba neno linaweza kuondoka, sasa unayo programu isiyoandika kitu juu ya picha.

"Basi aliondoe, tuwaone wazee wetu. Halafu mwambie kwamba Butoyi, pacha wake Bukuru, naye anaoa kabla ya mvua. Hatumtaki yule kijana wa mjini. Harusi ya shemeji yangu aliikata vichwa, tumebaki na miguu inacheza. Na Kipaimara kinakuja, watu watamwita. Utamfikishia?"

"Nitamfikishia."

"Fikisha kama nilivyosema, Mwalimu. Usitafsiri."

Aliondoka akicheka. Mimi nilibaki na kikombe chake mkononi.

Unaona nilipokwama. Unakwenda Mwanza kwa sababu huku hakuna tena anayekuita. Leo wamekuita. Nikikuambia, huenda ukabaki, na hilo ndilo ninalolitamani usiku na mchana, ndiyo maana siziamini sababu zangu. Nilipochukua kalamu nilikusudia kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute basi likiwa limeshapita Kibondo na Kakonko, mahali ambapo mtu hawezi tena kumwambia dereva asimame. Nilijiona mtu mwema kwa mpango huo. Sasa nimeandika ukurasa mzima na wema wenyewe umeanza kunipa mashaka.

Ngoja nikueleze mambo ambayo sikukueleza yalipotokea.

Ulipoanza kazi ya kuhariri video, yule kijana wa Dar mwenye kibanda cha kuchoma CD karibu na soko alikupa programu kubwa kwenye flashi, ile inayotumiwa na studio zote. Ilikuwa imekrakiwa, yaani kufuli lake limevunjwa ili itumike bila kulipa. Ulikuja nayo ukiwa na furaha, ukaifungua mbele yangu, na kabla haijafunguka yote ikaandika kwamba imesajiliwa kwa jina la mtu. Lilikuwa jina la kigeni, la mtu tusiyemjua, ambaye labda hayupo kabisa. Nikakwambia uitoe.

Hukubisha. Ulirudi kwa kijana yule ukamwambia, "Data amekataa," naye akakuuliza umeweka bando la shilingi ngapi. Ulicheka njia nzima. Uliponisimulia ilibidi nami nicheke, kwamba mtu wa pwani anaweza kuishi miaka kati ya Waha asijue kwamba data ni baba. Tangu hapo kila kompyuta ilipogoma ulikuwa unasema, "Data amekataa tena."

Lakini ulidhani nilikataa kwa ajili ya amri ya saba, usiibe. Nilikuacha udhani hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Ukweli ni huu. Nilipovuka mpaka kutoka Burundi nikiwa kijana, sikwenda kambini. Mzee mmoja wa hapa Kitanga alinichukua nimlimie, na alikuwa amefiwa na mdogo wake aliyeitwa Yohana. Akaniambia, "Wewe utakuwa Yohana. Wakija kuuliza, wewe ni mdogo wangu." Alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Nililima kwa jina la Yohana, nikalipa kodi kwa jina la Yohana, nikaenda kanisani nikapokea Ekaristi kwa jina la marehemu. Mtu akiniita barabarani nilichelewa kugeuka, na kule kuchelewa kulinitia hofu kuliko askari. Nilipokuja kumposa mama yako, nilimwambia jina langu kwa kunong'ona, kama mtu anayekiri kosa, naye akaniuliza, "Sasa ninaolewa na nani kati yenu?" Nilijibu kwamba yeye ndiye atakayeamua. Alichagua yule wa kwanza, akanilazimisha nimrudishe kwa watu polepole, nyumba kwa nyumba. Wapo wazee waliokufa bado wakiniita Yohana.

Kwa hiyo nilipoona programu ile inasema ni mali ya fulani nilisikia tu ule uchovu wa kujibu kwa jina la mwingine. Vijana wa Kasulu wanaoitumia siwaiti wezi. Mtu aliyekula miaka yote ile kwa jina la marehemu hana mdomo wa kuwaita hivyo. Nilitaka tu wewe uwe na kitu kimoja ambacho hakitakufanya uchelewe kugeuka. Ningekueleza, ungekubali au ungekataa ukijua. Sikukueleza. Ndipo ukachukua programu ile ile kwa njia halali, ya kujaribia, inayofanya kila kitu bila malipo ila inapiga muhuri wake juu ya picha.

Siku ile ya Titye unaikumbuka kwa upande wako. Acha nikupe upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa nyuma ya deki ukishika waya uliolegea, hukuona nyuso.

Walikuwa wamejaa sebuleni hadi mlangoni, jenereta inanguruma nje. Mwanzoni kulikuwa na raha tupu. Baba Bukuru alipoonekana akicheza, mkewe akasema, "Mtazameni, anakanyaga udongo wa matofali." Naye akajibu, "Tofali hizo ndizo zilizokujengea nyumba, mama." Watu wakaangua kicheko. Lile neno lilikuwa linapita kutoka pembe hadi pembe, herufi nyeupe, TRIAL, linafifia, linarudi. Kwa muda hakuna aliyelijali. Walidhani ni jina la studio. Hadi lilipopita juu ya uso wa bibi yake Bukuru, yule asiyeona vizuri, likakaa pale wakati anambariki bibi harusi. Baba Bukuru akanigeukia.

"Mwalimu, hicho wanachomwandikia mama yangu usoni ni nini?"

Unajua kwamba wananiita Mwalimu kwa sababu niliwafundisha watu wazima kusoma, si kwa sababu nina cheti. Cheti changu, kama kipo, kilibaki kwenye shule niliyoikimbia. Nilipenda kuulizwa maneno. Nilikuwa nayo mfukoni ile kamusi ndogo ya Kiingereza na Kifaransa niliyoinunua kwa Mkongo kwenye mnada. Nikaifungua mbele ya watu wote, nikatafuta neno kwa kidole, nikaona maana ya kwanza, nikaifunga.

"Urubanza," nikasema. "Ni shauri. Kesi ya mahakamani."

Umekulia hapa, unajua neno urubanza linaingiaje kwenye nyumba ya watu wetu. Na hao walikuwa wamehojiwa kuhusu uraia wiki chache tu nyuma: umezaliwa wapi, baba yako amezikwa wapi, ulivuka mto gani. Walikuwa wanasubiri majibu. Sasa wanawaona wazee wao kwenye televisheni, mmoja mmoja, na juu ya kila uso imeandikwa kesi. Mtu mmoja mlangoni akauliza kwa sauti ya chini, "Binti wa Mwalimu hupigia nani picha hizi?" Baba Bukuru alinyoosha mkono akazima.

Wewe ulitoka nyuma ya deki ukajaribu kueleza. Ulisema neno hilo maana yake ni jaribio, programu ya kujaribia, na kwamba ungelipa lingeondoka. Kweli tupu. Lakini waliisikia vingine. Walisikia kwamba kuna kesi, na kwamba ukilipwa itaondoka.

Nilipofika nyumbani niliifungua tena kamusi. Maana ya pili ilikuwa hukumu. Ya tatu ilikuwa jaribio. Ilikuwa pale pale, kwenye mstari uleule, na kidole changu kilikuwa hakijafika. Katika miaka yangu yote ya kusoma, kosa kubwa kuliko yote nimelifanya kwa kusoma neno moja kwa usahihi.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kusahihisha, kama nilivyofanya zamani na jina langu. Walinikaribisha, wakanipa ugali na maharage, wakaniambia, "Tumeelewa, Mwalimu." Harusi iliyofuata wakamwita mtu mwingine. Siwalaumu. Mtu anayengoja karatasi hawezi kukaa karibu na neno kama lile, hata akielezwa.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja miezi ambayo naona aibu kusema kwamba niliipenda. Wewe ulikuwa huna kazi, na mimi nilikuwa na furaha. Yule mwalimu wa chuo cha ualimu, mtu wa Mbeya, alikupa programu ya bure, ile ambayo waliotengeneza wameiachia dunia. Haina muhuri, haina jina la mtu, haiulizi kitu. Ilikuwa nzito kwenye kompyuta yetu, na Kiswahili haikuwa nacho. Ulipekua orodha ya lugha, ukanitazama, ukachagua Kifaransa.

"Data, haya. Leo wewe ndiye fundi. Hii inasemaje?"

*Annuler*. Tangua. *Couper*. Kata. *Fondu*. Hilo nilipaswa kulifikiria: ni pale picha moja inapoyeyuka ndani ya nyingine. Kifaransa changu kilikuwa kimelala tangu darasani, tangu siku zile padri alipokuwa anatupiga vidole kwa rula kwa ajili ya vitenzi. Sikuwa nimekisema na mtu aliye hai kwa muda mrefu hata nikadhani kimekufa. Na sasa kilikuwa kinahitajika, jikoni kwangu, ili binti yangu apunguze sauti ya kinanda cha kwaya ya parokia. Ulikuwa unauliza bila kugeuza kichwa, nami najibu bila kuinua macho kutoka kwenye njegere. Sijui kama uliona. Kaka zako waliporudi Burundi, nilibaki kwa kisingizio cha shule yako. Watu waliniuliza sina hamu ya nyumbani? Katika miezi ile hamu hiyo sikuisikia hata mara moja.

Kwaya hiyo ndiyo iliyokupa Mwanza. Nilikuwa nimekaa karibu ulipoongea na yule mama mwenye studio ya huko, aliyeiona video yake, simu ikiwa na sauti kubwa.

"Uliikata kwa programu gani?"

Ukamtajia.

"Hiyo ndiyo ipi?"

"Ya bure, mama."

"Ya bure au ya kukraki? Sema tu, mimi si polisi."

"Ya bure kabisa. Ni ya Kifaransa."

"Ya Kifaransa," akasema. "Haya, njoo. Kama uliikata kwaya ile kwa kitu hicho, hii yetu ya kukodi utaijua."

Kuhusu hiyo ya kukodi nina jambo moja la kukwambia, maana umenieleza kwamba siku hizi haiuzwi tena. Unalipa kila mwezi kwa kadi ya benki, nayo inauliza kwenye mtandao kama umelipa, na usipolipa inajifunga. Nilipokuwa Yohana nilikodi shamba kwa mtu, bondeni, udongo mweusi. Hapa desturi ni kwamba ardhi ya kukodi haipandwi mgomba wala kahawa. Unapanda maharage, mahindi, kitu utakachokivuna ukaondoka nacho. Mgomba ukishasimama unaanza kudai ardhi, na mwenye ardhi hatakubali. Nilijua. Nilipanda migomba hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa maharage. Ilipozaa mikungu ya kwanza mwenye shamba alikuja na panga, hakunigusa mimi, aliikata migomba. Hakuwa na makosa. Nilikaa juu ya shina moja nikilia, na nilikuwa mtu mzima.

Basi jifunze ya kukodi, kwa akaunti ya studio, ijue hadi mwisho. Ina mambo ambayo yetu haiwezi, niliyaona mwenyewe kwenye zile video ulizonionyesha. Usione haya kuitumia. Lakini kila kazi ikiisha, toa nakala ambayo programu nyingine yoyote inaweza kuifungua, na picha mbichi zikae kwako. Usiikodi kwa pesa yako mpaka kazi yenyewe iwe inailipia. Na kila utakapoletewa programu mpya, kabla ya kuuliza inafanya nini, uliza ukiacha kulipa utabaki na nini mkononi. Hiyo ndiyo hekima yote niliyo nayo kuhusu kompyuta, na imetoka kwenye migomba.

Jua linashuka sasa, na nimefika pale nilipokuwa ninapaogopa.

Nilifikiri kukuficha habari ya Mama Bukuru ni zawadi. Kwamba nitakaa hapa peke yangu kimya, na wewe utakwenda mbele, na siku moja utaelewa. Lakini nikihesabu, nilikukatalia programu bila kukuambia sababu, kisha nikatoa maana ya neno kabla hujafungua mdomo. Hii ingekuwa mara ya tatu naamua maisha yako huku wewe ukiwa nyuma ya deki umeshika waya.

Kwa hiyo haitaingia chini ya nguo. Nitakupa leo, mkononi, kabla hatujala.

Ukibaki, kuna Butoyi kabla ya mvua, kuna Kipaimara, kuna watu ambao sasa wana karatasi zao na hawaogopi herufi. Kuna programu yetu ya bure, nzito, isiyodai. Hutakuwa tajiri, na baada ya miaka miwili utakuwa unajua kile kile unachokijua leo. Kuna mimi. Ukienda, kuna chumba cha kupanga na mama asiye na maneno mengi, na kazi ambayo huku hakuna wa kukufundisha. Huenda ukaichukia. Huenda usirudi Kitanga ila kwa misiba, na wa kwanza utakuwa wangu. Nimejaribu kuyaandika yote mawili kwa uzito ulio sawa. Nimefuta mara nyingi, kama unavyoona, na kila nilipofuta palikuwa mahali nilipoegemea upande wangu.

Usiniulize mimi nataka nini. Unajua, na ukiuliza nitasema kweli, na kweli hiyo haina haki ya kupiga kura.

Mama Bukuru anangoja jibu. Namba yake nimeiandika nyuma ya ukurasa huu, umpigie mwenyewe, ama kutoka hapa, ama kutoka huko. Na begi lako ulilofunga asubuhi, mwanangu, nimelifungua zipu. Sikutoa kitu, wala sikuongeza. Nimeliacha hivyo juu ya kitanda, ili atakayelifunga awe wewe, ukiwa unajua.

Data,
Leonidasi, ambaye aliwahi kuitwa Yohana